Tuyaandalie Mate Nafasi Kabla ya Mlipuko Mwingine

Sisi wa maabara tumefundishwa kuyakataa mate. Anapokuja mgonjwa aliyekohoa kwa wiki mbili, tunampa kikopo na kumweleza avute pumzi, akohoe kwa nguvu, atoe makohozi mazito ya kifuani. Kikopo kikirudi na maji meupe yenye povu, tunaandika kwenye fomu kwamba sampuli haifai, na mgonjwa anarudia. Hapo hatukosei. Bakteria wa kifua kikuu hukaa mapafuni, na mwenye kuleta mate matupu anaweza kuambiwa hana ugonjwa ilhali anao, akarudi nyumbani kuwaambukiza watoto. Nimeifanya kazi hii Mombasa tangu nilipotoka chuoni, na sampuli ya kifua kikuu iliyojaa mate nitaendelea kuikataa hadi nistaafu.

Lakini kanuni ya ugonjwa mmoja tumeifanya mazoea ya kazi nzima. Virusi vya korona vilipoingia nchini mwaka 2020, wenzangu wengi hawakutaka hata kulisikia wazo la kupima kwa mate. "Mate si sampuli," mkuu mmoja aliniambia, na mazungumzo yakakatika. Ninayarudia leo mbele ya wasomaji kwa sababu naamini tuliikosa njia iliyokuwa karibu. Ugonjwa mwingine wa kuambukizana kwa hewa utakuja, na matayarisho yetu hayajavuka kile kijiti cha kuchukulia sampuli puani.

Kirusi cha korona hakikai mapafuni peke yake. Huzaana puani, kooni, na hata ndani ya tezi za mate zenyewe, ambazo kwa mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Februari 2020, dunia ikiwa bado inajifunza jina la ugonjwa, watafiti wa Hong Kong walitangaza kwamba walipima mate ya wagonjwa 12 wakakuta kirusi kwa 11. Baadaye mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wakalinganisha mate na kijiti kinachosukumwa hadi nyuma kabisa ya pua, kwa wagonjwa 70 waliolazwa. Mate yalikuwa na vinasaba vya virusi kwa wingi zaidi. Wakaenda mbele, wakawapima wahudumu wa afya 495 wasiokuwa na dalili yoyote. Mate yaliwaonyesha 13 kuwa wameambukizwa. Tisa kati yao walikuwa wamechukuliwa pia sampuli ya pua, na kwa saba kati ya hao tisa kijiti kilisema hawana kitu. Vipimo vya baadaye vilithibitisha kwamba wote 13 walikuwa wameambukizwa kweli. Fikiria: wahudumu saba, walioambiwa na kijiti kwamba wako salama, wakiingia wodini.

Tarehe 15 Agosti 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kwa matumizi ya dharura njia ya Yale inayoitwa SalivaDirect. Mtu wa maabara akiisoma njia hiyo haoni ajabu yoyote ndani yake, na hapo ndipo penye uzuri wake. Mate hutiwa kimeng'enya kinachovunja protini, yakapashwa moto, kisha yakaingizwa moja kwa moja kwenye mashine ya PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi. Hatua ya kuchuja vinasaba, ambayo hula saa na vitendanishi vya bei, huondolewa kabisa. Kichupa cha kukusanyia ni cha plastiki cha kawaida, kisichohitaji dawa ya kuhifadhi. Watafiti walikadiria kwamba vitendanishi hugharimu kati ya dola 1.29 na dola 4.37 kwa sampuli, na waliitangaza njia yenyewe hadharani ili maabara nyingine ziitumie. Baadaye kundi hilohilo likaonyesha kwamba vinasaba vya kirusi hiki hudumu ndani ya mate matupu kwa muda mrefu, hata penye joto.

Joto hilo ndilo lililonifanya nisimame na kusoma tena. Hapa Pwani, mwaka 2020, sampuli nyingi za kaunti zetu zilikuwa zikipelekwa Kilifi, kwenye maabara ya KEMRI na Wellcome Trust. Kutoka Mombasa ni mwendo wa kilomita kama 60, lakini kutoka vijiji vya Kwale au Tana River ni safari ya kutwa nzima, na masanduku ya barafu yalikuwa ya kugombaniwa. Sampuli isiyooza upesi kwa joto la Pwani ni sampuli tuliyokuwa tukiihitaji kuliko hao watafiti wa Yale.

Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa katika timu iliyokwenda kuchukua sampuli, na anayeujua Mji wa Kale anajua vichochoro vile: nyumba zinatazamana mlango kwa mlango, baraza za mawe, na kila jambo linalotendeka chini linaonekana kutoka madirishani juu. Tulikwenda tumevaa ovaroli nyeupe, miwani inafuka mvuke, sauti zetu hazisikiki vizuri nyuma ya barakoa. Tulipanga viti kwa umbali uliotakiwa. Viti vingi vilibaki vitupu.

Bibi mmoja mtu mzima alifungua mlango nusu, akakitazama kijiti kwa muda mrefu. "Mwanangu, hicho chaingia hadi wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole, kutoka tundu la pua hadi usawa wa sikio. Akaniuliza swali la pili, kama kitu kinachofika huko ndani hakimharibii saumu yake. Lilikuwa swali la haki kabisa, na hakuna aliyekuwa ametupa jibu la kwenda nalo mlangoni. Alinitakia heri, akafunga mlango. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa.

Kutema mate hakumfunguzi aliyefunga. Kila mtoto wa madrasa analijua hilo. Laiti tungekuwa na vichupa vya mate, tungeviacha mlangoni pamoja na karatasi ya maelekezo, tukapita kuvikusanya baadaye. Yule bibi angefanya mwenyewe, chumbani kwake, bila mgeni aliyefunikwa uso kumwinamia. Sidai kwamba watu wote wangekubali. Wengi waliogopa karantini kuliko kijiti, na hofu hiyo haiondolewi kwa kubadilisha sampuli. Lakini kipimo kinachoumiza, kinachofanywa na mtu mwingine, mbele ya majirani, kiliwapa watu sababu ya kukataa juu ya sababu walizokuwa nazo.

Tusisahau pia upande wa mchukuaji sampuli. Kijiti kikigusa nyuma ya pua, mtu hukohoa au hupiga chafya, na aliye mbele yake ni mimi au mwenzangu. Kila mgonjwa mmoja alihitaji glavu mpya na tahadhari zote zile. Mtu anayetema mwenyewe kichupani, akakifunga mwenyewe, hamweki mhudumu katika hatari ile.

Na vijiti vyenyewe havikuwa pamba ya kununua dukani. Ni vijiti vya kazi maalumu, vyembamba, vinavyopinda bila kukatika, vyenye nyuzi fupi za nailoni kichwani, na dunia ilikuwa ikitegemea kwa sehemu kubwa kampuni mbili: Copan ya Brescia, Italia, na Puritan ya Guilford, katika jimbo la Maine, Marekani. Brescia ni katika miji ya kwanza ya Italia kuzidiwa na ugonjwa. Machi 2020 jeshi la Marekani lilituma ndege kuchukua vijiti Italia na kuvifikisha Memphis. Nchi yenye utajiri ule ilihangaika hivyo. Kaunti ya Lamu ingesimama wapi kwenye foleni hiyo?

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapenzi wa mate hulipita haraka mno. Mate si sampuli rahisi. Yanaonekana rahisi kwa sababu kila mtu anayo, na kwa sababu hiyo watu huyachukua ovyo. Mtu anapewa kichupa, anaambiwa "tema hapa," basi. Maabara inapokea kitu ambacho hakuna pipeti itakayokivuta, au kimejaa chakula, au ni povu tupu juu hadi chini na majimaji yenyewe hayafiki robo ya kipimo. Kisha tunasema mate hayafai.

Anayetoa mate kwa ajili ya PCR anatakiwa akae dakika 30 bila kula, kunywa, kuvuta sigara, kutafuna chochote wala kupiga mswaki. Hapa kwetu agizo hilo linakutana na maisha. Mtafunaji wa miraa au muguka ana mate ya kijani na kinywa kikavu, na mabaki ya majani yanaweza kuzuia mmenyuko wa PCR usifanyike. Mla tambuu analeta mate mekundu. Mzee wa kahawa chungu barazani ana kikombe mkononi tangu alasiri. Kwa watu hawa haitoshi kusema "usile kitu," maana kwao miraa si chakula na tambuu si chakula. Inabidi uvitaje kwa majina yake: miraa, muguka, tambuu, ubani, kahawa, sigara, dawa ya meno. Akiwa ametafuna, asukutue kwa maji safi, apumzike, asubiri muda wake uishe.

Kisha kuna namna ya kuyatoa. Mtu hatakiwi kukohoa wala kuvuta kamasi kutoka puani, na hapa ndipo mafunzo yetu ya kifua kikuu yanapotugeuka. Mgonjwa wa Pwani aliyewahi kupimwa kifua kikuu, au aliyemuuguza ndugu yake, ukimpa kikopo atakohoa kwa juhudi zake zote ili akufurahishe, na atakuletea makohozi mazito. Kwa kipimo hiki makohozi hayo yanaziba pipeti na kuharibu kazi. Anachotakiwa ni kukaa ametulia, ainamishe kichwa kidogo, aache mate yajikusanye chini ya ulimi, kisha ayaache yatiririke yenyewe kichupani. Povu halihesabiwi, kinachohesabiwa ni majimaji hadi kwenye mstari. Kwa kawaida mililita moja au mbili zinatosha.

Na kama kinywa kimekauka? Huko Ulaya na Marekani wanawaambia watu wafikirie ndimu. Mimi humwambia mtu afikirie embe bichi lililokatwakatwa, lenye chumvi na pilipili. Sijaona aliyeshindwa kutoa mate baada ya hapo, isipokuwa wagonjwa walioishiwa maji mwilini na wazee wanaotumia dawa zinazokausha kinywa. Ila afikirie tu. Akilila kweli, asidi yake inaweza kuharibu kipimo. Na aliyefunga Ramadhani, achukuliwe sampuli asubuhi mapema kabla kinywa hakijakauka, au usiku, muda wa kutosha baada ya futari.

Kuna aibu pia, nayo haimo katika mwongozo wowote nilioupata mezani kwangu. Katika jamii yangu mtu wa heshima hatemi mate mbele za watu. Mwanamke aliyevaa nikabu hawezi kuifungua uwanjani. Mzee aliyeng'oka meno hataki kuonekana mate yakimtiririka kidevuni, na mate yakitiririka polepole, kama inavyotakiwa, ndivyo yanavyofanya. Kituo cha kuchukulia mate kinahitaji pazia, kiti, karatasi ya kujifutia, na mahali pa kunawa mikono. Kituo nilichofanyia kazi hakikuwa na pazia hata moja, kwa sababu aliyekipanga alikuwa akifikiria pua. Pazia ni kitenge na kamba. Halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Kwa watoto mate ya kutema ni taabu, hasa walio chini ya miaka mitano, lakini dunia imekwisha kutuonyesha njia. Katika jimbo la North Rhine-Westphalia, Ujerumani, kuanzia Mei 2021 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wakinyonya kijiti kwa sekunde 30 darasani, kisha vijiti vya darasa zima vikapimwa pamoja kwa PCR moja. Darasa likionekana safi, limemalizika. Likionyesha kirusi, mtoto mmoja mmoja anapimwa. Mtoto hakulia, mwalimu alisimamia mwenyewe, na mashine moja ya PCR ilihudumia shule nyingi. Sisi tulizifunga shule zetu Machi 2020, na wengi wa wanafunzi hawakurudi darasani hadi Januari 2021.

Lipo jambo lingine ambalo nalichukulia kwa uzito mkubwa. Baadhi ya watu waliniuliza, "Mate yangu mtayafanyia nini?" Wenzangu wengine husikia swali hilo wakadhani ni imani za uchawi, kwa sababu kwetu mate, nywele na kucha ni vitu ambavyo mtu hamwachii asiyemjua. Hata kama ni imani hizo, muulizaji anastahili jibu la heshima. Lakini swali lenyewe lina msingi wa kisayansi. Ndani ya mate kuna chembechembe za kinywa cha mtu, na ndani ya chembechembe hizo mna vinasaba vyake na vya ukoo wake. Kampuni za Marekani zinazowauzia watu habari za asili yao hupima mate hayahaya. Wakenya wanalikumbuka suala la Huduma Namba, mpango wa serikali wa kuwasajili watu, na wanakumbuka kwamba Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia ukusanyaji wa vinasaba katika mpango ule. Miezi michache baadaye, mtu mwenye ovaroli nyeupe anabisha hodi akiomba sampuli ya mwili wako. Asiyeuliza ndiye wa kushangaza.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba na za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo fomu ya kuchukulia mate iseme kwa Kiswahili kinachoeleweka: tunatafuta kirusi fulani tu, hatusomi vinasaba vyako, sampuli itakaa maabara kwa muda fulani, kisha itaharibiwa. Aliyeomba sampuli aseme hayo kwa mdomo wake, akimtazama mtu. Na maabara itimize.

Tumewahi kuona Kenya namna kipimo cha kinywani kinavyoweza kupokelewa vizuri na kueleweka vibaya kwa wakati mmoja. Mei 2017 serikali ilizindua kujipima Virusi Vya Ukimwi, na kimojawapo cha vifaa ni kile cha kupangusa fizi ya juu na ya chini, kisha kukiingiza kwenye kichupa cha dawa na kusubiri dakika 20. Watu walikipenda kwa sababu hakuna sindano na hakuna shahidi. Mara nikaanza kuulizwa: basi Ukimwi unaambukizwa kwa mate? La. Kifaa kile hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili zinazopatikana kwenye majimaji ya fizi, na ndiyo maana aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kuonekana hana, na ndiyo maana aliyeonekana anavyo lazima athibitishwe kwa kipimo cha damu. Maelezo haya yanachukua dakika mbili. Pasipo na mtu wa kuyatoa, kipimo kizuri huzaa uvumi mbaya.

Mambo ya mdomo na uvumi yamewahi kugharimu zaidi ya hapo, kwa majirani zetu wanaozungumza lugha hii. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, ulioanza Agosti 2018 na kutangazwa kumalizika Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Huko, pamoja na kupima damu za walio hai, timu za mazishi zilipangusa kinywa cha marehemu kwa kijiti ili ijulikane kama alikufa kwa Ebola. Kitaalamu ilikuwa njia sahihi na salama kuliko kumtoa maiti damu. Lakini mfiwa wa Beni au Butembo, aliyemwona mgeni akiingiza kitu mdomoni mwa baba yake aliyekufa, alihitaji mtu wa kumweleza kwa Kiswahili chake kabla jambo halijafanyika. Mahali pengi timu hizo zilishambuliwa. Sababu za ghasia zile zilikuwa nyingi, na vita vya miaka mingi vikiwemo, lakini kugusa kinywa cha mtu bila maneno kuliongeza moto.

Nayasema haya ili nisidhaniwe nauza mate kama dawa ya kila kitu. Mgonjwa wa Ebola aliye hai hupimwa damu. Mpox, ambayo Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza Julai 2024 kwenye mpaka wa Taita Taveta, sampuli yake bora hutoka kwenye vipele. Kichaa cha mbwa huonekana kwenye mate ya mgonjwa, lakini kirusi hutoka kwa vipindi, hivyo sampuli moja isiyoonyesha kitu haitoshi kumwambia mtu hana. Matubwitubwi yana ufundi wake: unasugua tezi iliyo chini ya sikio kwa sekunde 30 ndipo unapangusa upande wa ndani wa shavu. Hata kwa korona yenyewe mambo yalibadilika kadiri kirusi kilivyobadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliona kwamba wakati wa aina ya kirusi iitwayo Delta kijiti cha puani kilikuwa na nguvu zaidi, na wakati wa aina ya Omicron mate yakawa na nguvu zaidi. Utafiti huo ulifanywa Afrika, kwa watu wa Afrika, na ni funzo tosha kwamba hakuna sampuli moja ya kutawala milele.

Kwa sababu hiyo hoja yangu inahusu wakati. Maabara haiwezi kuanza kutumia mate siku mlipuko unapotangazwa. Kila njia mpya inabidi ithibitishwe kwanza: unachukua sampuli mbili kwa mtu mmoja, mate na kijiti, unazipima zote, unalinganisha, unarudia kwa watu wengi wa umri na hali mbalimbali, kisha unaandika utaratibu na kuufundisha. Kazi hiyo inataka utulivu. Mwaka 2020 hatukuwa na nafasi hiyo. Tulikuwa tukipima usiku na mchana kwa njia tuliyoikuta. Leo tunayo. Kila mwaka wagonjwa wa mafua huchukuliwa sampuli za puani katika hospitali zinazofuatilia magonjwa ya njia ya hewa nchini. Kuongeza kichupa kimoja cha mate kwa sehemu ya wagonjwa hao, kwa ridhaa yao, hakuhitaji jengo jipya wala mashine mpya. Baada ya misimu miwili ya mafua tungekuwa na majibu yetu wenyewe, ya watu wetu, pamoja na watafunaji muguka na waliofunga Ramadhani.

Watu wa kuipeleka kazi hiyo nyumbani wapo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, ikawapa mikoba ya vifaa na simu. Hao wanaingia nyumba ambazo mimi na ovaroli yangu hatukufunguliwa. Wafundishwe kueleza namna ya kutoa mate, wapewe karatasi yenye picha kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, Kidigo, Kipokomo na lugha nyingine za majumbani, na walipwe posho yao kwa wakati. Nasisitiza hilo la posho, kwa sababu kazi yote ya mate inasimama juu ya mtu mmoja anayeeleza vizuri, na mtu asiyelipwa miezi mitatu hawezi kueleza vizuri.

Kwa wenzangu wa maabara, naomba mrudi kusoma upya. Endeleeni kuyakataa mate kwenye kikopo cha kifua kikuu. Hapo mwalimu wetu alikuwa sahihi. Kwa virusi vya njia ya hewa, ushahidi umekuwepo tangu 2020, na umetoka Hong Kong, Yale na Cape Town. Kwa Wizara ya Afya na serikali za kaunti, hasa hizi sita za Pwani: mwongozo unaofuata wa kukabili milipuko uwe na ukurasa wa mate, uliothibitishwa na maabara zetu, wenye pazia, fomu ya ridhaa, na orodha inayotaja miraa na tambuu kwa majina. Anzeni na msimu wa mafua ujao, wakati hakuna mlipuko na hakuna mtaa uliofungwa.